Kaye ya majina: namna moja ya kushukuru inchi

LIKASI. – Saa tisa ya mchana, siku ya Mungu. Watu wamekwisha kutoka kanisa, wamekula bukari, na sasa wanafika mmoja mmoja chini ya muembe, katika kiwanja cha nyumba moja ya Kikula. Kila mtu anakuja na kiti chake. Wamama wanakaa upande wa kivuli, wazee karibu na meza. Juu ya meza kuna vitu vitatu: sanduku ndogo ya chuma yenye kufuli mbili, chupa ya munkoyo, na kaye.

Kaye ile ni nzito. Ni kaye nyingi za shule zilizoshonwa pamoja na uzi wa viatu, na karatasi ya mbele imekuwa rangi ya udongo. Sekretere anaifungua, anavaa miwani, anaanza kusoma majina. Kila mtu akisikia jina lake anajibu: «Niko.» Mtu akikosa, jirani anasema mahali alipo: «Ana mgonjwa ku lupitalo.» «Iko ku kazi, zamu ya mchana.» «Alienda Kambove, atarudia kesho.» Hakuna jina linalopita bila jibu.

Kazi hii inakamata karibu nusu saa, na mgeni anaweza kuchoka. Mimi nilichoka. Kisha nikaelewa kama sehemu kubwa ya kazi ya kikundi iko pale: kujua kila mtu yuko wapi.

Ni kikundi cha watu wa kazi. Kuna wazee waliotumika zamani katika kampuni kubwa ya mkoa, kuna watumikaji wa makampuni ya leo, kuna wachimbaji wa mikono, kuna wajane wa wote hao. Wameniomba nisiandike majina yao wala jina la kikundi, «juu mambo ya feza ya batu haiandikwake mu gazeti.» Nimekubali.

Siku ile kulikuwa mashauri mawili ya kukata.

La kwanza lilikuwa la sikukuu ya uhuru. Kila mwaka, mbele ya tarehe 30 Juni, kikundi kinanunua liputa ya namna moja, kila mtu anashona, na siku ile wanatembea pamoja na kula pamoja. Feza ya liputa ilikuwa imekwisha kukusanywa.

La pili lilikuwa la mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, na mtoto mgongoni. Bwana yake alikuwa mchimbaji wa mikono. Aliingia katika kikundi mwaka uliopita, akatoa mchango vizuri mpaka wakati wa mvua kubwa. Maji yakajaa katika shimo, kazi ikasimama, naye akakosa kutoa mara nne. Mwezi wa tano maji yalikauka, akarudia chini, na udongo ukamwangukia. Ameacha watoto watatu.

Sheria ya kikundi ni wazi. Mtu akikosa kutoa mara tatu zenye kufuatana, anapoteza haki yake katika kese ya kilio; anarudishiwa tu ile aliyotoa. Mama yule hakuja kubishana na sheria. Aliomba neno moja: «Bapapa na bamama, munitie mu kaye pa nafasi ya bwana yangu. Nitatoa.»

Ndipo akasimama ndugu mmoja kijana, mwendesha kamio katika kampuni. Akasema kwa sauti ya juu:

«Miye naona hivi. Ile feza ya liputa tumupatie huyu mama, na tuachane na mambo ya 30 Juni. Kushukuru inchi juu ya nini? Inchi ilinipa nini? Barabara iko wapi? Maji iko wapi?»

Wengine wakacheka, wengine wakanyamaza. Wote walielewa kama swali lake si mchezo. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na mtu anayebeba mfuko wa kobalti mgongoni anarudi nyumbani na feza ya unga wa siku moja au mbili. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ashukuru inchi, lazima umwambie juu ya nini.

Muzee wa kikundi, mwenye umri wa kupita wote, hakukasirika. Alisema: «Mutoto, swali yako ni ya mutu mukubwa. Lakini mbele ya kujibu, tusome kaye kutoka mwanzo.»

Feza na miguu

Kwa wasomaji ambao hawajaingia katika kikundi, tueleze kidogo namna mambo yanatembea.

Kuna feza za namna mbili. Ya kwanza ni likilimba. Kila mtu anatoa kiasi kimoja, na feza yote ya siku ile inaenda kwa mtu mmoja. Mara inayofuata inaenda kwa mwingine, mpaka wote wamezunguka. Zamu zinachaguliwa kwa kura mwanzoni mwa mwaka. Mwenye kupata zamu anaweza kununua manjanja ya nyumba, kulipa masomo, kuanza biashara ndogo. Ni feza yake mwenyewe, lakini imekuja pamoja, si moja moja. Feza inayokuja moja moja inaisha ku soko. Kila mama anajua hii.

Ya pili ni kese ya kilio. Kila mtu anatoa kidogo, na feza ile hailiwi. Inatoka siku ya kifo, juu ya sanduku, na juu ya chakula cha watu wanaolala pa kilio. Sanduku ya chuma iko na kufuli mbili, na funguo ziko katika nyumba mbili mbalimbali, kusudi mtu mmoja asiweze kuifungua peke yake. Feza inahesabiwa kwa sauti, mbele ya watu wote, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Lakini mama mlinzi wa feza aliniambia kama feza ni kitu kidogo. «Kikubwa ni miguu», alisema. Mtu akiwa mgonjwa, watu wawili wanaenda kumuona na chakula, sababu katika hospitali zetu mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia anaweza kulala na njaa. Mtu akifa, wamama wanaenda kupika, wanaume wanaenda kuchimba kaburi na kukaa usiku pa moto. Hii haiwezi kulipwa kwa feza. Tajiri anaweza kununua sanduku nzuri ya kupita zote na kukosa watu wa kuibeba.

Kutoka namba mpaka jina

Vikundi hivi si vya leo. Umri wao ni kama umri wa migodi.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru ya Lubumbashi. Mikono ilikuwa haitoshi. Miaka ya mwanzo watumikaji wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na Angola. Kisha kampuni ikatafuta watu Lomami, Kasai, mpaka Ruanda-Urundi. Mwisho wa miaka ya 1920, iliona ni faida mtumikaji akae muda mrefu pamoja na bibi na watoto wake, na kambi zikajaa jamaa. Kila juma walipokea posho. Mpaka leo wazee wetu wanaita Jumamosi «siku ya posho».

Fikiri basi kambi ile. Nyumba ya kwanza ni ya mtu wa Kasai, ya pili ya mtu wa Luapula, ya tatu ya mtu wa Rwanda. Hawana baba mkubwa, hawana shangazi, hawana mjomba karibu. Akifa mtu, nani atamuzika? Ukoo uko mbali, safari ya siku nyingi. Ndiyo sababu watu walitafuta ukoo mwingine. Wengine waliingia katika ngoma ya mbeni, iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki na kufika kwetu. Wacheza ngoma waliitana kwa vyeo kama vya askari, lakini pia walisaidiana katika ugonjwa na kifo. Kampuni na mapadri nao walianzisha nyumba za kukutana, foye za wamama za kufundisha kushona, na timu za mpira. Timu tunayoita leo TP Mazembe ilizaliwa hivyo, mwaka 1939, mikononi mwa mapadri wa Lubumbashi.

Na luga? Katika kambi walisema Kiswahili. Kwa wengi wao haikuwa luga ya mama. Ndiyo sababu ikafaa: hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kama yeye ni mgeni katika luga ile. Wote walikuwa wageni, na wote wakaifanya ya kwao.

Muzee alisema neno ambalo nimeliandika jinsi alivyolisema: «Papa yangu alifika hapa, wakati ingali Jadotville, na bulangeti moja na namba. Ku kazi balikuwa banamuita namba. Huku kwa bandugu njo balimuita jina.»

Kisha akaonyesha kaye, karatasi ya kwanza kabisa, iliyoandikwa wakati inchi ingali inaitwa Zaïre. Kuna mistari minne inayoteremka: jina, nyumba, watoto, mchango. Hakuna mstari wa kabila. Mzee aliyeanzisha kikundi alikataza. Alisema kama mtu akitaka kujua kabila ya ndugu yake, aende kumuuliza kwake, wakae, wanywe munkoyo, na atajibiwa. Lakini katika kaye, kabila haizike mtu.

Mwaka ambao watu hawapendi kusema

Hapa sekretere alifungua karatasi nyingine, na watu wakaacha kunong'onezana.

Mwaka 1992 na 1993, maneno ya siasa yaligawanya Katanga. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na katika kazi, hapa Likasi na Kolwezi. Wengi walizaliwa hapa hapa. Kasai waliijua kwa kusikia tu. Walilala siku nyingi ku gare ya Likasi, inje, na vitanda na sufuria zao, wakingoja treni. Watoto na wazee walikufa pale wakingoja.

Kikundi kilikuwa na ndugu wa Kasai. Sheria ilisema mwenye kuondoka anapewa sehemu yake. Mama mlinzi wa feza wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alihesabu usiku na mwenye funguo ya pili. Asubuhi alifunga kila sehemu katika kitambaa, akaweka pamoja na unga, akaenda ku gare mara tatu, mpaka kila mmoja amepokea. Njiani alitukanwa. Alirudia na kaye mkononi, na kando ya kila jina la wale ndugu akaandika neno moja: safari. Hakufuta hata jina moja.

Ni habari nzuri, na ningependa kuishia hapo. Lakini muzee alikataa.

«Usiandike kama tulikuwa bantu bazuri», aliniambia. «Tulinyamaza. Mumoja wetu aliuzisha nyumba ya ndugu yake kwa bei ya bure, mwingine aliinunua. Hatukulinda batu. Tulilinda paka feza yabo.»

Miaka ilipita, wengine walirudia. Kijana mmoja alifika siku moja na kuuliza kama jina la baba yake lingali. Lilikuwa lingali, na neno safari kando yake. Baba alikuwa amekufa kule. Kijana akaomba kutoa mchango pa mstari uleule. Leo yeye ndiye sekretere. Ndiye aliyekuwa anasoma majina siku ile.

Kazi ilipoanguka

Wakati uleule migodi nayo ilikuwa inaanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1994 shaba yote iliyotoka haikufika tani 50,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia, zaidi ya watumikaji 10,000 waliacha kazi na kupokea malipo ya mwisho. Kwa wengi malipo yale yalikwisha mbele ya watoto kumaliza masomo.

Katika miaka ile likilimba ilisimama mara mbili. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kutoa. Lakini kaye haikufungwa. Walikuja kila siku ya Mungu, walisomwa majina, walijibu «niko», wakarudia nyumbani. Wengine walikuja na mihogo, wengine na mboga ya shamba, wakagawana. Watoto wa wale wazee waliposhika koleo na kwenda katika mashimo, kikundi kilibishana muda mrefu kama wachimbaji wa mikono waingie. Wengine walisema hawana mshahara, watakosa kutoa. Mwishowe waliingia. Na kweli, wengine wanakosa kutoa. Ndiyo tumerudia kwa mama yule wa nyuma, na mtoto mgongoni.

Namna shauri lilikatwa

Prezida alisema kese ya kilio haitafunguliwa. Watu wakanung'unika, naye akavumilia mpaka wakanyamaza. Alieleza kama kese ile ni ya watu wote, hata ya wale watakaokufa kesho. Ikivunjwa leo kwa huruma, itavunjwa kesho kwa urafiki, na kesho kutwa itakuwa sanduku tupu. Nafikiri alisema kweli, hata kama ilikuwa ngumu kusikia.

Lakini hakuishia pale. Aliuliza kama kuna mtu anayepinga mama aandikwe pa nafasi ya bwana yake. Hakuna mkono ulioinuka. Sekretere akasoma zamu ya marehemu katika likilimba: mwezi wa tisa. Mjane atakuwa na haki ya zamu ile. Ni mbali, wakati mwenye nyumba anadai kodi leo, na kijana mkubwa amefika sekondere. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini ya sekondere inalipwa.

Kisha ilifuata kimya. Mwenye zamu ya siku ile alikuwa mama mmoja muuza makala. Alikuwa anangoja feza ile juu ya manjanja. Nyumba yake inavuja, na wote wanajua. Alikaa kidogo, akiangalia mikono yake. Halafu akasema:

«Yeye akamate leo. Miye nitakamata ya mwezi wa tisa. Manjanja itangoja, mvua ingali mbali.»

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mlinzi wa feza alihesabu kwa sauti, mjane akahesabu naye, akaweka kidole juu ya wino, akatia alama yake. Aliniambia baadaye kama sehemu moja itakuwa ya kodi, na sehemu ingine ya kununua unga na mafuta: atakaanga mikate ya kuuza asubuhi pa njia ya watumikaji. Ndiyo namna atatoa mchango.

Waliongeza pia sheria moja. Mtu ambaye kazi yake imesimama juu ya mvua au ugonjwa, akija mwenyewe kusema mbele ya watu, hatahesabiwa kama amekosa. Marehemu aliona haya kuja mikono mitupu. Ndiyo sababu alipotea mara nne. Prezida alisema kosa la kikundi liko pale: mara zile nne, jina lake liliposomwa, jirani alijibu «iko ku kazi», na hakuna aliyeenda kuangalia.

Ikabaki feza ya liputa. Nusu watanunua unga, samaki na sombe, wale pamoja tarehe 30 Juni. Nusu itaenda kwa masomo ya kijana yule.

«Na nguo?» aliuliza mwendesha kamio.

«Kila mutu atavala ile iko nayo», akajibu prezida.

Nilimuuliza muzee, wakati watu wanabeba viti vyao, kama amejibu swali la kijana. Alisema yeye hawezi kushukuru juu ya barabara ambayo haiko. Barabara tunadai, na lazima kuidai kwa sauti. Lakini inchi hii ilimpokea baba yake na bulangeti moja, ikampa majirani, luga, na mahali pa kuzika watu wake. Hii aliipokea bure kutoka kwa watu, na deni lake anaweza kulilipa kwa watu tu. «Njo ile naitaka kushukuru inchi», alisema. «Kusema paka kwa mudomo, hata mwizi anasemaka.»

Wasomaji wetu wa Kolwezi, Kipushi, Kambove na Lubumbashi, wengi wenu muko na kaye ya namna hii katika kartie yenu. Muangalie kama feza inahesabiwa mbele ya watu. Muangalie kama funguo ziko mbili. Na jina likisomwa bila jibu, mmoja wenu aende pa nyumba kuangalia, siku ileile, si wiki inayofuata.

Nilirudia Kikula siku ya Mungu iliyofuata. Muembe uleule, viti vilevile. Mwendesha kamio alikuwa amekaa karibu na meza, anahesabu feza ya samaki. Sekretere alisoma majina, akafika pa mstari mpya. Kutoka upande wa kivuli, katikati ya wamama, sauti ndogo ikajibu: «Niko.»